Usimpake mpira dawa ya chuma: Hotuba kwa mafundi na madereva wa daladala

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa gereji, madereva, makonda, vijana mliomaliza chuo juzi, na dada zangu wa maduka ya spea mlioketi kule nyuma: habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie vilainishi vya milango. Angenipa gia boksi au nozeli za dizeli, ukumbi ungejaa. Amenipa bawaba na mipira. Nimekubali, kwa sababu hakuna sehemu ya gari inayoguswa na watu wengi kwa siku kama mlango, na hakuna inayopakwa vitu vya ajabu kama hiyo. Milango niliyoikuta imepakwa oili chafu ni mingi mno, na mingine imepakwa mafuta ya taa, mafuta ya alizeti, Vaseline. Mmoja ulipakwa samli. Samli, ndugu zangu! Sisimizi walishafika kabla yangu.

Ninalotaka kusema leo ni hili. Kabla hujashika kopo, jiulize kitu unachotaka kukilainisha kimetengenezwa kwa nini. Mlango mmoja una chuma kinachosugua chuma, una mpira unaogusana na rangi, una plastiki inayobingirika kwenye reli, una kioo kinachopita kwenye mfereji wake. Mtu anayepuliza kopo moja kila mahali anatibu kimoja na kuua kingine.

Nianze na mpira, maana huko ndiko uharibifu mwingi unafanywa na watu wenye nia njema. Ule mpira mweusi, mlaini, wenye uwazi ndani, unaozunguka fremu ya mlango, kwenye magari mengi tunayoendesha ni wa aina inayoitwa EPDM. Huu si mpira unaogemwa kwenye miti. Unatengenezwa kiwandani kutokana na gesi za ethilini na propilini, na wenye viwanda waliupenda kwa sababu hausumbuliwi na jua, mvua wala ozoni. Mpira wa mti, ukiuvuta kidogo na kuuacha juani, ozoni ya hewani inakata minyororo ya molekuli zake, na baada ya muda unaona nyufa ndogondogo zimejipanga. EPDM haina viungo vile dhaifu kwenye mnyororo wake mkuu, kwa hiyo inakaa miaka mingi nje bila kupasuka.

Adui yake ni mafuta yatokanayo na petroli. Oili ya injini, dizeli, mafuta ya taa, grisi ya kawaida ya beringi, hata Vaseline, vyote vinaingia ndani ya mpira huu na kuuvimbisha. Na ubaya wa jambo hili ni kwamba siku ya kwanza linapendeza sana. Unapaka oili, mpira unarudi weusi wake, unang'aa, mlango unaacha kulia, mwenye gari anakusifu. Baadaye mpira unaanza kulegea na kurefuka. Unatoka kwenye mfereji wake pale chini karibu na kizingiti, abiria anaukanyaga, unachanika. Mwenye gari anakuja analalamika kwamba spea za siku hizi ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini muulize kwanza alipaka nini.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni: mbona sili ya kranki, ule mpira unaozuia oili isivuje kwenye injini, inaoga oili miaka na miaka na haivimbi? Swali zuri. Sili ile imetengenezwa kwa mpira mwingine, nitrili kwenye injini nyingi za zamani, na mpira wenye florini kwenye nyingi za sasa, na imechaguliwa hivyo makusudi ili ikae na oili. Rangi zao zote nyeusi, ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha. Ila mnamjua ndugu wa karibu wa mpira wa mlango: mipira ya silinda za breki. Wangapi hapa mmeshapokea gari ambalo mtu alimimina oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki? Naona mikono. Mlikuta nini? Mipira imevimba, breki zimekamata, gari linavutwa na kamba, na bili inahesabu masta silinda na kila kitu kilichoguswa na ile oili. Mipira ile mara nyingi ni EPDM hiyohiyo. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si oili ya petroli, ndiyo maana wanaelewana nayo. Kwenye breki sote tunaogopa. Kwenye mlango hatuogopi kwa sababu mlango haui mtu, unavujisha maji tu kwenye kapeti.

Basi mpira wa mlango upewe nini? Silikoni. Iko ya grisi, laini, karibu haina rangi, na iko ya kupuliza. Haiuvimbishi EPDM, haikauki upesi, inavumilia joto la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, na maji yanateleza juu yake. Wajapani wa Shin-Etsu wana grisi ya silikoni ambayo Honda huiuza kama spea yake kwa kazi hiihii ya mipira, na kitubu kidogo kinakaa muda mrefu sana kwa sababu unapaka kidogo mno. Huipati? Tafuta kopo lililoandikwa wazi kwamba ni silikoni. Ukikuta kopo limeandikwa tu kwamba linalainisha kila kitu, lirudishe rafuni.

Namna ya kupaka nayo ina maana yake. Osha mpira kwa maji na sabuni ya kawaida. Pitisha kidole chenye kitambaa mpaka ndani ya mikunjo, maana pale chini ndipo mchanga unapolala. Acha ukauke kabisa. Halafu puliza silikoni kwenye kitambaa, si kwenye mpira moja kwa moja, kwa sababu makopo mengi yana kimiminika cha kubebea dawa ambacho hutaki kiloweshe mpira, na hutaki dawa irukie kwenye siti, kwenye kioo cha mbele, au kwenye pedali ya breki. Pitisha kitambaa mzunguko mzima, subiri kidogo, futa kilichobaki juu. Ukiona mpira unateleza kwa majimaji, umezidisha.

Kuna swali la gliserini, ile ya dukani ambayo dada zetu wanachanganya kwenye mafuta ya kujipaka. Hiyo sina ugomvi nayo. Gliserini haiuvimbishi mpira huu, na Wajerumani wamekuwa wakiipaka kwenye mipira ya milango yao kwa ajili ya baridi. Ubaya wake ni kwamba inanasa unyevu na vumbi na inaondoka gari likioshwa, kwa hiyo utairudia mara kwa mara. Kama uko Singida, silikoni imeisha na mpira umekauka mpaka unalia, gliserini itakuvusha. Vaseline haitakuvusha, itakuvusha kwenda dukani kununua mpira mpya. Mafuta ya kula nayo tuyaache jikoni: yale ya alizeti yakikaa kwenye hewa yanageuka gundi, na gundi kwenye mpira maana yake mlango unaoshikana na bodi.

Nimetaja baridi. Wenye ndugu Canada, Norway au kaskazini ya Marekani waambieni jambo hili kabla msimu haujaingia. Kule maji yakiganda kati ya mpira na bodi mlango haufunguki, na mtu akiuvuta kwa nguvu anaondoka na mpira mkononi. Silikoni iliyopakwa mapema inazuia maji kushika. Kumwaga maji ya moto ni kuomba kioo kipasuke.

Na kuna mpira ambao hakuna dawa itakayouokoa. Chukua noti, iweke kati ya mpira na bodi, funga mlango, ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira haubani tena pale. Zunguka fremu nzima ukifanya hivyo na utajua maji yanaingilia wapi bila kubahatisha. Lakini kabla hujamuuzia mteja mpira mpya, inama uangalie matundu ya kutolea maji chini kabisa ya mlango. Maji huingia ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo, ni kawaida, na yanatakiwa yatoke kwa matundu hayo. Yakizibwa na matope, mlango unakuwa ndoo, kutu inaanzia ndani, na mteja anadhani mpira unavuja.

Sasa chuma. Bawaba ya mlango ni pini ndani ya bushi, basi. Mlango mzima, na kioo chake, na mota, na spika, na uzito wa abiria anayejivutia hapo kuingia, unaning'inia kwenye pini mbili. Mzigo ni mkubwa na mwendo ni wa polepole. Oili nyepesi haikai hapo: inachuruzika, inaacha mstari mweusi kwenye bodi, na baada ya muda chuma kinasugua chuma tena. Kinachotakiwa ni grisi. Grisi ya kawaida ni oili iliyoshikwa na sabuni, na sabuni ya lithiamu ndiyo iliyozoeleka zaidi. Sabuni inaishikilia oili mahali pake na kuiachia kidogokidogo. Ugumu wake ni namba 2, uleule wa grisi mnayoweka kwenye beringi za magurudumu.

Mimi kwenye milango napendelea ile nyeupe ya lithiamu. Grisi nyeusi yenye molibdeni inafanya kazi vizuri sana, sitaki mtu aseme nimeikataa, lakini mlango ni mahali pa nguo za watu. Mpake mzee grisi nyeusi kwenye kanzu yake siku ya Ijumaa akielekea msikitini, halafu umweleze faida za molibdeni.

Silikoni kwenye bawaba? Hapana. Ni nzuri kwa mpira na plastiki, lakini chuma kwa chuma kikiwa na mzigo inazidiwa. Hapo ndipo wengi wanateleza: wamesikia silikoni ni bora kuliko oili, wanaipuliza mpaka kwenye pini, na wiki haiishi mlango unalia upya.

Usipake grisi mpya juu ya uchafu wa zamani. Chukua mswaki uliochoka, mafuta ya taa kidogo kwenye mswaki, si kwenye mlango, na tambara chini ya bawaba ili yasidondokee mpira. Sugua huku mwenzako anaufungua na kuufunga mlango. Litatoka tope jeusi lenye punje, na ukilisugua katikati ya vidole unasikia kabisa mchanga. Endelea mpaka lisitoke, futa, acha pakauke. Ndipo grisi. Ya kupuliza ina faida kwamba inaingia ikiwa nyepesi, halafu kimiminika kinaruka na grisi inabaki nzito, kwa hiyo elekeza mrija wake juu ya pini, iteremke yenyewe. Fungua na funga mlango mara kumi hivi. Kisha futa yote inayoonekana kwa nje, maana ile ya nje hailainishi chochote, inakusanya vumbi tu.

Kabla ya yote hayo, fungua mlango nusu, shika ukingo wake wa mwisho, uinue. Ukipanda mkononi, hata kidogo, pini au bushi imeliwa. Hapo grisi ni kumdanganya mteja. Nimeona mafundi wakihamisha kile chuma cha loki kwenye nguzo ya bodi, wanakishusha ili kimfuate mlango ulioning'inia. Mlango unafunga vizuri siku ile, na mpira unabanwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine. Badilisha bushi. Na mlango unaogonga katikati ya kufunguka, mara nyingi si bawaba inayogonga, ni ule mkono unaoushika mlango usijirudie. Nao unataka grisi kidogo pale unapopita.

Sasa oili chafu. Najua ipo kila gereji, tena ni ya bure, na kuna wazee hapa walionifundisha kazi ambao bado wanaitumia, shikamooni wazee wangu. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imetoka na masizi, unga wa chuma na asidi. Imetolewa kwa sababu imechoka. Ukiipaka kwenye bawaba, halafu gari likapita barabara ya vumbi, ule mchanganyiko wa oili na vumbi ni pesti ya kusagia valvu. Unaisaga pini kila mlango unapofunguka. Na mkono wako unaoiloweka kila siku bila glavu, oili ile haiupendi pia. Ngozi inaivuta, na madhara yake hayaonekani leo.

Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi haiwapi nafasi. Na magari yenyewe mengine yamekuja na ugonjwa: yaliyotembea Hokkaido na kaskazini ya Japani yamepita majira mengi ya barabara zilizomwagwa chumvi kuyeyusha theluji. Rangi inang'aa, kilomita chache, fungua mlango utazame bawaba na boliti zake. Kutu ikiwa imeshaanza hapo, safisha, paka grisi, na rudia mapema kuliko mtu wa Iringa.

Nimefika kwenye mlango ambao wengi wenu mmekuja kwa ajili yake: mlango wa HiAce. Una reli tatu, ya juu, ya chini, na ya katikati ile iliyoko nje ubavuni mwa gari. Ya katikati ndiyo inayokula vumbi lote, na ndiyo konda anayoilaumu mlango ukigoma. Kinachotokea ni hiki: mlango unakuwa mzito, mtu anajaza grisi kwenye reli kutoka mwanzo hadi mwisho, mlango unakuwa mwepesi siku mbili, halafu grisi inashika mchanga, unakuwa mzito kuliko mwanzo, na inaongezwa grisi nyingine juu. Nimeshachokonoa reli kwa bisibisi nikatoa tope la kujaza kikombe.

Reli isafishwe mpaka uone chuma. Grisi iende kwenye ekseli za rola na maungio ya mikono yake, na kwenye reli upakwe utando tu, ule ambao ukipitisha kidole unaacha alama na si donge. Kisha zungusha kila rola kwa kidole. Isipozunguka, au ikiwa imeliwa upande mmoja ikawa bapa, nunua rola. Rola iliyokwama inaburutwa, na inaila reli, na reli ni ghali. Makonda, nawaomba: mlango ukigoma, usiubamize. Kila unapoubamiza loki inachapwa na mpira unapigwa.

Nakuja kwenye lile kopo la bluu na njano, maana nikinyamaza mtaniuliza. WD-40 ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Ilitumika kwenye ngozi ya nje ya kombora la Atlas. Ile 40 ni jaribio la arobaini, ndilo lililokubali. Kwa hiyo ni dawa nzuri ya kulegeza boliti iliyoshikana, kufukuza maji na kusafisha grisi iliyoganda. Kwenye bawaba inayolia itaunyamazisha mlango papo hapo, kwa sababu inapenya, lakini sehemu kubwa yake inaruka hewani na kinachobaki ni utando mwembamba. Tena imeiosha grisi iliyokuwamo. Itumie kusafishia, halafu weka grisi. Kampuni hiyohiyo inauza makopo mengine ya grisi nyeupe na ya silikoni, rangi zake zinakaribiana, kwa hiyo dada wa dukani msimwambie mteja "yote ni yaleyale".

Loki inataka grisi nyepesi kidogo kwenye ulimi wake na springi. Baada ya kuipaka, ijaribu mlango ukiwa wazi: sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ufunge, kisha vuta kitasa uachie. Usisahau kuuachia. Ukisahau na kuufunga mlango kwa nguvu, utajifunza bei ya loki.

Tundu la ufunguo halitaki grisi wala oili. Vipini vidogo vilivyomo ndani vinakwama vikishikwa na vumbi lililolowa. Unga wa grafiti ndio wake. Huna, sugua ufunguo kwa ncha ya penseli, uingize na kuutoa mara kadhaa. Na mifereji ya kioo ni silikoni kavu au ya tefloni, kidogo sana, kwenye mfereji, si kwenye kioo.

La mwisho ni kwa ajili ya amani ndani ya gereji. Silikoni na rangi haviishi nyumba moja. Chembe yake ikitua kwenye bodi iliyopigwa msasa tayari kwa rangi, rangi inakimbia pale na kuacha vishimo vya mviringo, na hata ukipiga tena vinarudi mpaka uisafishe yote. Fundi wa rangi akikukimbiza na spana kwa sababu hiyo, usinipigie simu. Kopo la kupuliza litumike nje, mbali na upande wa rangi, mbali na breki na diski zake, mbali na mtu anayechomelea. Na lisilale kwenye dashibodi juani. Limeandikwa wazi kwamba lisipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na dashibodi ya Dar mchana wa Februari inalipita hilo kirahisi.

Nashukuru kwa kunisikiliza. HiAce ya majaribio iko nje na reli yake bado ni chafu, tumeiacha hivyo makusudi. Maswali nitayapokea tukiwa palepale kazini. Ila yule kijana wa fulana nyekundu, nakuona tangu mwanzo unalitikisa hilo kopo: lile Noah pembeni yako linapigwa rangi mchana. Sogea huku kwanza.